Msaada wa kusoma lebo ya sheki ya mlo: mbele protini gramu 19, nyuma gramu 11

Mjukuu_wa_Pangani aliuliza:

Wakuu, habari za jioni. Naomba wenye ujuzi wa vyakula vya unga mnisaidie kusoma kopo hili la sheki ya chokoleti, zile za kunywa badala ya mlo. Kopo ni la gramu 560, limeandikwa "milo 14", na bei yake ni shilingi 84,000. Atakayeitumia ni mama, ana kisukari aina ya 2, yuko kwenye metformini na glibenklamidi, vidonge vya kushusha sukari. Muuzaji anasema aache chai ya asubuhi na chakula cha jioni, anywe hii badala yake.

Viambato nimevinakili kwa mpangilio uleule wa kwenye kopo: maltodekstrini, konsentrati ya protini ya wei, fruktosi, aisoleti ya protini ya soya, unga wa mafuta ya mawese, kakao iliyopunguzwa mafuta, inulini, madini, gundi ya zanthani (E415), gundi ya guar (E412), ladha, vitamini, dondoo la chai ya kijani, lesithini ya soya, sukralosi (E955), asesulfemi K (E950), papaini, dioksidi ya silikoni (E551).

Jedwali la nyuma, kwa gramu 40 (vijiko 2 vya kipimo): kilokalori 155, protini g 11, wanga g 20.5 (humo sukari g 6), nyuzinyuzi g 3, mafuta g 2.5, potasiamu mg 260.

Mbele ya kopo kumeandikwa kwa herufi kubwa PROTINI GRAMU 19. Ipi ni ya kweli? Na hivi vitu vyote vinafanya kazi gani humo ndani?

---

fundi_unga alijibu:

Zote mbili ni za kweli, ujanja uko kwenye kinyota. Angalia pembeni ya hiyo 19 utakiona, kisha kifuate hadi chini ya kopo. Utakuta, kwa herufi za kisisimizi, "ikichanganywa na maziwa ml 250". Maziwa ya mafuta asilimia 1.5, kwa kipimo hicho, yana protini kama gramu 8 na kilokalori 115 hadi 120. 11 na 8 ni 19. Yaani gramu 8 kati ya hizo 19 hazimo kwenye kopo, unazinunua mwenyewe kwenye pakiti ya maziwa.

Jedwali lenyewe linajumlika. Protini na wanga ni kilokalori 4 kwa gramu, mafuta 9, nyuzinyuzi 2. Piga: 11×4 = 44, 20.5×4 = 82, 2.5×9 = 22.5, 3×2 = 6. Jumla 154.5, wao wameandika 155. Lebo isiyojumlika, ikipishana kwa kilokalori 20 au zaidi, ni ya kutilia shaka. Ila kopo likiwa la Marekani, nyuzinyuzi wanazihesabu ndani ya wanga, kwa hiyo zitoe kwanza ndipo ujumlishe, usije ukawasingizia.

Sasa, je, ni mlo? Kiwango cha Codex (kanuni za chakula za kimataifa) namba 181 cha mwaka 1991, kinachohusu vyakula vya aina hii vya kupunguza uzito, kinataka mlo mmoja uwe na kilokalori 200 hadi 400, protini itoe asilimia 25 hadi 50 ya nishati hiyo, na mafuta yasizidi asilimia 30. Umoja wa Ulaya wamebana zaidi: 200 hadi 250, na potasiamu isipungue mg 500 kwa mlo. Kopo lako kwa maji ni 155. Protini inafika (44 kwa 155 ni asilimia 28), nishati haifiki, na potasiamu ni nusu tu. Gramu 40 za unga huo kwenye maji ni sawa na mayai mawili ya kuchemsha kwa nishati, na mayai yanaishinda kidogo kwa protini. Ni kitafunwa. Ukiweka maziwa ndipo inakuwa mlo, kama 272 hivi.

Twende kwenye orodha. Viambato hupangwa kwa uzito, kizito kikitangulia. Cha kwanza kwako ni maltodekstrini, wanga uliokatwakatwa vipande vifupi, mara nyingi wa mahindi. Ni rahisi, unayeyuka vizuri, unaipa sheki mwili. Tatizo lake kwa mama ni kwamba unapandisha sukari ya damu kwa kasi inayokaribiana na glukosi yenyewe, na bado kisheria hauhesabiwi kama "sukari". Ndiyo maana jedwali linasema sukari g 6 tu. Toa 6 kwenye 20.5, inabaki 14.5, na karibu yote ni huo wanga. Kwa makadirio yangu theluthi moja ya kopo, gramu 190 hivi kati ya 560, ni maltodekstrini. Fruktosi ya tatu ndiyo imebeba sehemu kubwa ya zile g 6.

Wei (kwenye kopo herufi zake ni w-h-e-y) ni protini ya yale majimaji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini. Konsentrati huwa na protini hadi asilimia 80, iliyobaki ni laktosi, mafuta na maji. Aisoleti ni 90 kwenda juu na laktosi yake ni kidogo mno. Soya ya kwako ni aisoleti. Wei na soya pamoja hakuna ubaya wowote, amino zote muhimu zipo.

Unga wa mafuta ya mawese uko pale kuleta ulaini mdomoni. Inulini ni nyuzinyuzi, kwa kawaida ya mizizi ya chikori. Lesithini inafanya unga upokee maji badala ya kuelea. Dioksidi ya silikoni inazuia kushikana, ni kiasi kidogo sana na haina neno.

Cha kuangalia kwa makini ni gundi. Zanthani na guar ndizo zinazoipa sheki uzito, na haziwezi kuwekwa nyingi: zikizidi kidogo tu juu ya asilimia 1 ya unga unapata uji wa kuvutika kama bamia. Kwa hiyo chochote kilichoandikwa baada ya gundi kiko chini ya hapo. Vitamini na sukralosi ni sawa kuwa huko, zinahitajika kwa miligramu. Lakini dondoo la chai ya kijani na papaini (kimeng'enya cha papai), ambazo naamini mbele ya kopo zimechorewa majani na papai, zimenyunyizwa tu. Usizilipie.

---

Kibo_Mawenzi alijibu:

Mimi naona mnaacha simba mnakimbizana na paka. Sumu humo ni sukralosi. WHO walishakataza utamu bandia mwaka 2023, mama mwenye sukari asiguse kabisa.

---

fundi_unga alijibu:

Mkuu, hapana. Mwongozo wa WHO wa Mei 2023 unashauri watu wasitegemee vitamu visivyo sukari kama njia ya kudhibiti uzito, na wenyewe wameutaja kuwa ushauri wa masharti. Tena umeandikwa wazi kwamba hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Kilichozua kelele Julai mwaka huohuo ni aspatemi, kitamu kingine bandia ambacho hakimo kwenye kopo hili, na hata hiyo kikomo chake cha mg 40 kwa kila kilo ya mwili hakikubadilishwa.

Sukralosi kikomo ni mg 15 kwa kilo kwa siku. Mtu wa kilo 60 ni mg 900. Ina utamu mara 600 ya sukari, kwa hiyo mg 30 tu zina utamu wa sukari g 18, hakuna mtengenezaji atakayekaribia kikomo kwenye glasi moja, haitanyweka. Kama mtu haupendi utamu wake unaobaki ulimini, hilo ni suala jingine na ana haki.

---

Bi_Famasi alijibu:

Hapo kwenye dawa naomba tusimame kidogo, maana ndipo palipo na hatari kuliko viambato vyote.

Metformini peke yake mara chache hushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi inashusha, hata kama mtu hajala. Dozi ya mama imepangwa kwa chakula anachokula sasa. Ukimtoa kwenye chai na chapati ukamweka kwenye kilokalori 155, na jioni vilevile, dawa itaendelea kufanya kazi ileile juu ya chakula nusu. Maltodekstrini itapandisha haraka, itashuka haraka, kisha saa nne au tano asubuhi anaanza kutetemeka, jasho jembamba, njaa kali, kuchanganyikiwa. Usiku ni mbaya zaidi kwa sababu amelala na hakuna anayeona. Asianze kabla daktari wake hajapanga upya hiyo glibenklamidi, na asipunguze mwenyewe kwa kukisia.

Sukari ikishuka chini ya 4 (mmol/L): vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji nusu glasi, pima tena baada ya dakika 15, bado iko chini rudia. Akikaa sawa ale kitu. Asiyeweza kumeza asinyweshwe, apelekwe hospitali.

Watu hupenda kutaja utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliotoka kwenye jarida la tiba la Lancet mwaka 2017, ambapo asilimia 46 ya waliotumia sheki walikuwa wametoka kwenye kisukari baada ya mwaka mmoja. Ni kweli. Lakini walikuwa wamegunduliwa ndani ya miaka 6, hakuna aliyekuwa kwenye insulini, walikunywa mchanganyiko kamili wa kilokalori 825 hadi 853 kwa siku kwa wiki 12 hadi 20, na dawa zao za sukari zilisimamishwa siku ya kwanza huku wakifuatiliwa kliniki. Hayo si sawa na kopo la dukani lililoongezwa juu ya glibenklamidi.

Dawa nyingine kwa faida ya wasomaji, kwa sababu unga hizi zina madini mengi: levothairoksini ya tezi iachane na sheki kwa saa 4, kwani kalsiamu na chuma huishika. Siproflokasini na doksisaiklini zinywe angalau saa 2 kabla. Anayetumia warfarini aangalie vitamini K na asiwe leo ananywa kesho anaacha. Mwenye figo dhaifu asiguse bila ushauri: potasiamu, na fosfeti zinazofichwa kwenye "madini". Mjamzito aangalie vitamini A ya aina ya retinoli, jumla ya siku isipite mikrogramu 3,000 kutoka vyanzo vyote.

Daktari akiruhusu, pima sukari kabla ya kunywa, kisha dakika 45 hadi 60 baadaye, kisha saa 2. Ukipima saa 2 peke yake unaweza kukuta mlima umeshapita, ukadhani haikupanda.

---

Mjukuu_wa_Pangani alijibu:

Nashukuruni sana, Bi_Famasi hilo la glibenklamidi muuzaji hakuligusa kabisa. Kliniki yake ni Jumatano, haanzi kabla ya hapo. Mawili yamebaki: mama maziwa humjaza tumbo, na kila tukijaribu kidogo kwa maji ya moto linatoka mabonge kama mayai yaliyokatika. Na kama kuna cha kutengeneza nyumbani, naomba vipimo.

---

jiko_na_mizani alijibu:

Mabonge hayo ni wei iliyoiva. Protini ya wei ikikutana na maji ya nyuzi 70 kwenda juu inaanza kukunjamana na kuganda, ni kanuni ileile ya yai. Tumia maji ya baridi au vuguvugu la kuvumilika na kidole. Maji yatangulie kwenye chupa, unga ufuate: ukianza na unga, gundi ya guar inalowa kwa nje na kufunga unga mkavu katikati, na bonge la namna hiyo hata ulitikise vipi halifunguki. Maji ml 200, unga, tikisa sekunde 20, acha dakika moja, tikisa tena. Inywe ndani ya dakika kumi, maana gundi inaendelea kunywa maji na glasi ya baada ya nusu saa itakuwa uji. Ikishakuwa nzito ongeza maji ml 30 kwa 30. Iliyochanganywa isikae nje ya friji zaidi ya saa 2, hasa kwa joto la pwani.

Kijiko cha kipimo kisikudanganye. Hupima ujazo, siyo uzito. Unga uliotulia kwenye safari unajaa kijiko kizito, uliotikiswa unajaa chepesi, na kijiko chenye kilima kinaweza kuongeza robo nzima. Weka kikombe kwenye mizani ya jikoni, irudishe sifuri, pima gramu 40. Na kijiko kisiingie na unyevu: tone moja la maji linatosha kuanzisha kushikana, na maltodekstrini ikishika unyevu inakuwa jiwe. Unga wenye harufu ya mafuta ya zamani tupa.

Tumbo: laktosi iliyomo kwenye gramu 40 za unga huo ni kama nusu gramu, inatoka kwenye konsentrati. Glasi ya maziwa ml 250 inaleta gramu 12. Kwa hiyo anayemsumbua ni maziwa, kopo halina kesi. Inulini ya gramu 2 nayo ni ndogo, gesi huanza kusumbua wengi inapozidi gramu 10 kwa siku. Jaribu maziwa yasiyo na laktosi, au mtindi usio na sukari ml 150 uliolegezwa kwa maji ml 100. Wengi wasiopatana na maziwa mabichi wanauvumilia mtindi, kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu ya laktosi.

Ya nyumbani, glasi moja:

Unga wa maziwa yaliyotolewa mafuta g 30 (vijiko 4 vya mezani), shayiri iliyopondwa ya kupikia uji g 25, siagi ya karanga isiyo na sukari g 15 (kijiko 1 cha mezani), maji ml 250, mdalasini ukipenda. Pika shayiri kwenye maji dakika 5, acha ipoe, saga na vilivyobaki kwenye blenda.

Inatoka kama kilokalori 290, protini g 18, mafuta chini kidogo ya asilimia 30 ya nishati. Protini ni robo ya nishati, yaani inapita pale pale mlangoni pa Codex. Potasiamu ya maziwa peke yake ni zaidi ya mg 500, mara mbili ya kopo. Wanga ni kama g 33, wengi kuliko kopo, ila ni laktosi na shayiri, hupanda polepole kuliko maltodekstrini. Upungufu wake: chuma kidogo na vitamini C karibu hakuna, kwa hiyo pera au chungwa pembeni. Na laktosi ipo g 15 hivi, hivyo kwa mama badilisha unga wa maziwa kwa mtindi na yai moja la kuchemsha la kula kando. Karanga chagua zisizosinyaa wala kuwa na ukungu, sumukuvu haitoki kwa kukaanga. Na hakikisha kopo la maziwa linasema maziwa tu, kuna unga umechanganywa na mafuta ya mimea na hufanana nayo sana.

Gharama: kopo lako lina protini 14×11 = g 154. 84,000 kwa 154 ni shilingi 545 kwa gramu. Yai likiwa shilingi 500 na protini g 6, ni 83. Tena kwa glasi mbili kwa siku "milo 14" ni wiki moja tu.

---

maabara_ya_pili alijibu:

Nyongeza kabla hamjanunua jingine. Protini kwenye maabara mara nyingi haipimwi yenyewe, hupimwa naitrojeni kisha ikazidishwa kwa 6.25. Kwa hiyo kitu chochote cha bei rahisi chenye naitrojeni kinanenepesha namba. Melamini, kemikali iliyotiwa kwenye maziwa China mwaka 2008, ilipita mlango huohuo. Siku hizi wanaweka glisini, taurini au kreatini, ambazo si haramu lakini hazijengi kama protini kamili. Ukiziona kwenye orodha ya sheki ya mlo, ipunguzie namba ya protini imani. Kopo la muuliza halina, hapo niwatendee haki.

Ujanja mwingine ni mabano. Kopo linaanza na "mchanganyiko wa protini (wei, soya, kaseini)" ili protini tatu zijumlishwe na zishike namba moja, huku wanga ukigawanywa majina manne: maltodekstrini, sharubati kavu ya glukosi, dekstrini, fruktosi, kila mmoja mwepesi peke yake, umeshuka chini. Rudi kwenye jedwali, namba ya wanga haina pa kujificha. Kwa mwenye kisukari, ningetaka gramu za protini zisiwe chini ya gramu za wanga. Hicho ni kipimo changu, hakipo kwenye sheria. Kopo hili ni 11 kwa 20.5.

Zenye kakao nyingi zinaweza kuleta kadmiamu, na protini ya mchele aseniki, zote mbili ni sumu, kwa hiyo kwa matumizi ya kila siku dai cheti cha maabara cha toleo husika, chenye namba inayolingana na iliyopigwa chini ya kopo.

---

Mjukuu_wa_Pangani alijibu:

Muuzaji amenipigia sasa hivi, anasema anayo nyingine "sukari sifuri", anaipima kwenye mifuko ya kilo kwa bei nafuu. Nimwambie nini?

---

fundi_unga alijibu:

Mwambie hapana. Mfuko wa kupimiwa hauna orodha, hauna jedwali, hauna namba ya toleo wala tarehe ya mwisho, na tangu mwaka 2019 usalama wa chakula Tanzania uko TBS (Shirika la Viwango), kwa hiyo kopo halali liwe na jina la mwagizaji na hivyo vyote. "Sukari sifuri" umeshaona inavyoweza kupatikana: ni kutoa fruktosi na kuongeza maltodekstrini. Akikutumia picha, akutumie ya nyuma ya kopo alilofungulia. Iweke hapa tuipigie hesabu kabla ya Jumatano.